Mkwe wangu anaomba pesa ya oili kila wiki ya tatu

Mshauri, salamu kutoka Tororo.

Mimi ni mjane, umri wangu umeshapita sitini. Marehemu mume wangu alikuwa polisi. Tulihamahama naye kambi hadi kambi, ndiyo maana watoto wangu walianza na Kiswahili kabla ya lugha ya baba yao. Alipofariki, haki zake zilichelewa lakini mwishowe zikalipwa. Watoto wakaketi, wakasema, Mama, pesa hii ikikaa benki tutaila sote. Tukanunua teksi, Hiace ya dizeli, ile ya zamani yenye injini ya aina inayoitwa 5L, kutoka kwa mtu aliyekuwa akiifanyia kazi hapa hapa mjini. Hiyo ilikuwa Machi mwaka jana.

Dereva ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili. Alikuwa ameendesha magari ya watu kwa miaka, ana leseni, hanywi, na pale steji wanamheshimu. Nilifurahi kwamba riziki itabaki nyumbani. Anakwenda Tororo na Mbale siku sita kwa wiki. Jumapili akipata bahati hukodishwa na watu wa arusi au wa msiba, mara nyingi kupanda Kapchorwa.

Kila Jumamosi jioni binti yangu ananiletea hesabu. Tulikubaliana shilingi 420,000 kwa wiki, ila gharama za gari hukatwa kwanza, na gharama hizo ndizo zinazoninyima usingizi. Kila wiki ya tatu, bila kukosa, kuna oili ya injini na filta yake, 190,000. Kila mwezi kuna mafuta ya breki, 20,000. Kila mwezi tena, au mwezi na nusu, oili ya giaboksi na ya difu, yale meno ya ekseli ya nyuma, 110,000. Kulanti, ile dawa ya kupoza injini, imenunuliwa mara nyingi, sasa anasema maji ya bomba yanatosha, lakini maji yenyewe huongezwa kila asubuhi. Filta ya hewa, filta ya dizeli, girisi. Yote nimeyaandika kwenye daftari la mjukuu, na nikijumlisha naona kama gari hili linafanya kazi ili linunue oili.

Mume wangu alikuwa na gari dogo, Toyota Corona. Oili yake ilibadilishwa Pasaka na Krismasi, basi, na gari lilituzeesha. Mwanangu aliyeko Kampala ananiambia gari lake linakwenda kilomita 10,000 au mwaka mzima kabla ya kumwaga oili. Amesema maneno makali: "Mama, huyo mtu anakunywa hiyo oili."

Mwezi uliopita mkwe alikwenda kwenye msiba wa kwao akaliacha gari uani kwangu. Ilikuwa Jumapili, na kwa hesabu niliyokatwa, oili ilikuwa imebadilishwa Alhamisi iliyotangulia. Akaja mzee mmoja, rafiki wa marehemu, aliyekuwa akiendesha magari ya wakubwa pale polisi. Nikamwomba atazame. Akavuta kile kijiti cha kupimia, akakipangusa kwenye kipande cha gazeti, akanionyesha. Nyeusi tii! Gazeti lilibaki na mstari kama wa masizi ya sufuria. Akatikisa kichwa, akasema oili hii haijabadilishwa tangu Uhuru. Tangu siku hiyo moyo wangu umechafuka.

Sasa utaniambia, mwite mkwe wako umuulize. Siwezi. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai pamoja, hawapeani mkono, hawalii sahani moja. Gari likiingia uani, mimi naingia ndani. Akiwa na neno, anasimama chini ya mwembe na mjukuu ndiye anayelileta. Kwa simu tunasalimiana, lakini habari ya pesa mdomo wangu haufunguki. Mshauri, hata hilo gari langu sijawahi kulipanda likiwa mikononi mwake. Nikienda hospitali Mbale napanda teksi ya mtu mwingine, nalipa nauli, na wakati mwingine tunapishana na yangu njiani.

Kwa hiyo kila kitu kinapita kwa binti yangu. Nikimuuliza habari ya oili anakasirika, anasema Mama unamwita mume wangu mwizi. Wiki mbili sasa hesabu inaletwa na mtoto, yeye mwenyewe haji. Mwanangu wa Kampala anataka nimnyang'anye funguo nimpe dereva mwingine. Yule mzee naye yuko tayari kuwa msimamizi wa gari. Mimi naogopa kuibiwa, lakini naogopa zaidi kuvunja nyumba ya mwanangu kwa sababu ya dumu la oili.

Je, ni kweli oili hubadilishwa mara nyingi hivyo? Na kama si kweli, nifanye nini?

Mama Mkwe, Tororo

MSHAURI ANAJIBU

Mama yangu, pole. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, hasa pale unapolipa nauli kwenye teksi ya watu huku yako inakupita. Wengi watacheka, lakini waliolelewa upande wa mashariki wanajua kwamba si jambo la kucheka.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni la gari: kitu gani hubadilishwa lini. La pili ni la nyumba: utamuulizaje mtu ambaye mila inakuzuia hata kuketi naye. Kuna na la tatu hukuliandika ila limejaa barua nzima, kama mkwe wako ni mwizi. Hilo sitalijibu, kwa sababu kutoka hapa nilipo siwezi kulijua, na nadhani hata mwanao wa Kampala halijui, ingawa amelitamka.

Tuanze na oili ya injini, maana ndiyo iliyowasha moto. Hukuniambia kwa siku anakwenda raundi ngapi, kwa hiyo nitakisia, nawe utanirekebisha. Tororo hadi Mbale ni takribani kilomita 50. Akienda na kurudi mara mbili siku mbaya na mara tatu siku nzuri, wastani ni kama kilomita 250 kwa siku. Siku sita ni 1,500. Wiki tatu ni 4,500. Weka Jumapili mbili za Kapchorwa, kwenda na kurudi, na umekaribia kabisa 5,000. Na 5,000 ndiyo hesabu ambayo mafundi wengi wa Hiace za dizeli za zamani wanaishikilia, nami kwa kazi ya teksi siioni kuwa ya kupita kiasi. Injini inabeba watu kumi na wanne na magunia yao, inasimama na kuondoka njia nzima, inavuta vumbi. Tena pale steji inanguruma imesimama ikingoja abiria wa mwisho. Mita ya kilomita haisogei, lakini oili inaendelea kuungua.

Sasa tazama Corona ya marehemu. Gari la kwenda kazini, kanisani, na kijijini mara moja moja. Si ajabu lilikuwa likimaliza kilomita 5,000 kwa nusu mwaka. Pasaka na Krismasi, Mama. Yawezekana kabisa mume wako na mkwe wako wamefuata kanuni ile ile, ila mmoja aliitimiza kwa miezi sita na mwingine anaitimiza kwa wiki tatu.

Na mwanao wa Kampala hajadanganya. Gari jipya kidogo la petroli, likiwekewa oili ya sintetiki, linaweza kwenda kilomita 10,000 au mwaka, chochote kitakachotangulia. Watengenezaji wenyewe ndivyo wanavyoandika. Japani, kwa gari la petroli lisilo na tabo, kile kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, Toyota hufika hadi 15,000 kwa matumizi ya kawaida, na papo hapo hukata nusu, 7,500, kwa matumizi magumu. Foleni ya Jinja Road jioni mimi ningeiweka kwenye matumizi magumu, lakini hilo ni la kwake na gari lake. Anachokosea ni kuichukua namba ya gari lake akaivalisha gari lako.

Nije kwa ile oili nyeusi. Najua ilikuumiza kwa sababu uliiona kwa macho yako. Lakini oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi upesi sana, hasa injini ya zamani kama 5L. Masizi ya dizeli huingia kwenye oili, na kazi mojawapo ya oili ni kuyabeba ili yasigande kwenye vyuma. Ukibadilisha Alhamisi, gari likafanya kazi Ijumaa na Jumamosi, Jumapili utakuta nyeusi. Mzee wetu aliendesha magari ya wakubwa, na kama yalikuwa ya petroli, macho yake yamezoea oili ya rangi ya asali inayokawia kuchafuka. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba ule mstari kwenye gazeti haumshtaki mkwe wako, wala haumtakasi. Ungeuona hivyo hivyo kama amebadilisha, na kama hajabadilisha.

Ukitaka kujua kwa hakika, tazama filta. Filta mpya ya oili ni kopo safi lenye rangi yake. Mwambie fundi aandike juu yake, kwa kalamu ya maka, tarehe na kilomita za siku hiyo, na ile ya zamani irudishwe nyumbani kwenye mfuko wa plastiki pamoja na dumu tupu. Si tusi hilo, Mama. Wenye magari wengi hufanya hivyo hata kwa gereji wanazoziamini, maana mchezo mara nyingi unachezwa na fundi, dereva mwenyewe akiwa hana habari. Fundi humwaga oili na kuiacha filta ya zamani mahali pake, au hujaza oili ya kupima kutoka kwenye pipa ambayo hakuna anayejua imetoka wapi. Dumu lenye mfuniko uliofungwa, linunuliwe kituo cha mafuta, lifunguliwe mbele ya dereva.

Hapo nimemtetea mkwe wako. Sasa sikiliza upande ambao hesabu hainikubali.

Oili ya giaboksi na difu kila mwezi, hapana. Kwa gari la namna hii hubadilishwa kila kilomita 40,000 hivi, na kwa mwendo wenu hiyo ni kama mara mbili kwa mwaka. Anayeogopa sana atafanya mara tatu. Kama kweli inaingia oili mpya kila mwezi, basi ya zamani inatoka mahali fulani, yaani kuna sili, mpira wa kuzuia oili isitoke, inayovuja, na dawa yake ni sili. Lala chini ya gari, au mlaze mjukuu, mtaona unyevu na vumbi lililoganda. Kama chini ni kukavu, hilo ni swali halali kabisa la kuuliza.

Mafuta ya breki ndiyo yaliyonishtua, ingawa wewe umeyapitia haraka kwa sababu ni 20,000 tu. Mafuta hayo huvuta unyevu wa hewa, ndiyo sababu hubadilishwa kila miaka miwili hivi. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya maji hushuka hadi kama 140, na mafuta yakichemka ndani ya bomba, dereva anakanyaga pedali inakwenda hadi chini bila kushika. Kuyabadilisha ni jambo jema basi. Lakini chupa kila mwezi? Breki hainywi mafuta. Yakipungua kidogo kidogo, pedi na viatu vya breki vinakwisha. Yakipungua sana, kuna mahali yanavuja, na kuongeza ni kuficha ugonjwa. Sasa fikiria gari hilo linashuka kutoka Kapchorwa, lile teremko la Sipi, limejaa watu wa arusi. Mama, katika jambo hili afadhali mkwe wako awe anakula zile 20,000 kuliko awe anasema kweli.

Na maji ya rejeta kila asubuhi ni vivyo hivyo. Mfumo ule umefungwa, haupaswi kupungua kila siku. Ama kuna tundu, ama kifuniko cha rejeta kimechoka, ama gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, imeanza kupitisha. Kulanti ilinunuliwa mara nyingi kwa sababu ilikuwa inamwagika, na alipochoka kuinunua akaweka maji ya bomba, ambayo yanaleta kutu na kuchemka mapema zaidi. Hapo namwona mtu anayejaribu kupunguza gharama mahali pasipofaa. Muulizeni pia kama themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto la injini, ipo. Kuna mafundi wetu wenye tabia ya kuing'oa wakisema nchi hii ni ya joto. Injini inakaa baridi kupita kiasi na inakula dizeli zaidi.

Filta ya hewa kupulizwa mara kwa mara na kubadilishwa kila miezi michache, kwa vumbi letu, sina neno. Ya dizeli, kila kilomita 20,000 au mapema kidogo, sawa. Girisi ni senti.

Lakini kuna kitu nimekitafuta kwenye daftari lako nikakikosa. Injini ya 5L ina mkanda wa taiming, unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake pistoni zikisogea, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, huwaka hesabu hiyo ikifika. Kwa kilomita 1,500 za wiki, mnaifikisha kwa mwaka mmoja na miezi mitatu au minne, na hiyo ni kama siku mliyolinunua mkanda ulikuwa mpya, jambo ambalo hakuna aliyewahakikishia. Mkanda ukikatika gari likiwa mbioni, pistoni zinagonga valvu, na hapo hatuzungumzi tena habari ya dumu la oili, tunazungumzia injini. Na mita ya kilomita inafanya kazi? Hiace nyingi za umri huo mita zake zilikufa zamani, na mita ikifa, taa haina cha kuhesabu. Tena bila mita, zile "wiki tatu" zake ni makisio tu, mazuri au mabaya.

Unaona ninakoelekea? Daftari lako lina mambo yanayoombwa ipasavyo, mengine yanaombwa kupita kiasi, na moja zito halikuombwa kabisa. Mwizi mwenye akili angeanza na mkanda, ni kazi ya pesa nyingi na hakuna anayeweza kuona ndani. Mimi sijui maana yake. Huenda ni dereva mzuri asiyejua ufundi, anayesema alichoambiwa na fundi. Huenda anajua na anachomoa vidogo vidogo. Huenda vyote viwili, kwa miezi tofauti.

Sasa niruhusu nikuulize kitu, na usinikasirikie. Umeniandikia bei ya kila filta, lakini hukuniambia mkwe wako analipwa nini. Nimetafuta mshahara kwenye barua yako sikuuona. Je, kilichozidi juu ya 420,000 ndicho chake? Na wiki mbaya, mvua ikinyesha siku tatu, anapata nini? Au mlisema yeye ni wa nyumbani, tutaelewana? Ninauliza kwa sababu mtu asiye na mshahara uliotamkwa, aliyekatazwa na mila kumwomba mama mkwe wake, ana mlango mmoja tu wa kupitia, nao ni gharama za gari. Sisemi ni haki. Nasema kama ndivyo, hata dereva mpya mtakayempa funguo ataukuta mlango huo huo uko wazi.

Kuhusu funguo. Unaweza kumnyang'anya, gari ni lako. Utapata dereva ambaye utaweza kumtazama usoni na kumuuliza unachotaka, na hilo lina thamani yake. Lakini dereva huyo hatajali kama injini itakufa, na binti yako ataishi na mume aliyefukuzwa kazi na mama yake kwa tuhuma ambayo haikuchunguzwa. Mji ni mdogo na steji ina masikio. Uamuzi huo hauozi. Unaweza kuufanya mwezi ujao ukiwa na habari zaidi kuliko ulizo nazo leo.

Unaweza pia kumpa yule mzee usimamizi. Ana mapenzi mema, na pengine upweke wa mstaafu umechangia. Ila ameshatoa hukumu, tena mbele yako, na mkwe wako atakapomwona anavuta kijiti ataelewa mara moja amewekewa polisi. Kama unamtaka, mpe kazi ndogo yenye mpaka: kutunza daftari la gari, si kumtunza dereva.

Wengine hugeuza mpango mzima. Mwenye gari anapokea kidogo zaidi kila wiki, labda 330,000, lakini safi, na dereva anabeba service zote za kawaida mwenyewe. Ugomvi wa oili unaisha siku hiyo hiyo. Hatari yake iko wazi: anayelipa mwenyewe hujaribiwa kusogeza 5,000 ifike 8,000, na injini si yake. Ukichagua njia hiyo, filta zenye tarehe ziendelee kurudi nyumbani, na vile vikubwa, yaani mkanda, klachi na breki, vibaki kwako.

Njia nyingine ni kulipa gereji moja kwa moja kwa simu. Mkitafuta gereji moja, gari likienda pale tu, fundi anakupigia anakutajia kilomita na kazi, unatuma, pesa haipiti mkononi mwa mkwe wala kwa binti. Ninaipenda kwa sababu inamwondoa binti yako katikati. Lakini fundi na dereva wanaonana kila siku, wewe huwaoni, na wakitaka kupatana watapatana.

Nimemtaja binti yako makusudi. Katika watu wote wa barua hii, yeye ndiye anayekatwa pande zote mbili. Ukimuuliza habari ya oili, anasikia habari ya ndoa yake. Nadhani ungemwambia, kabla ya kurekebisha chochote, kwamba kuanzia sasa mambo ya gari hayatapita kwake tena. Mlete aje anywe chai tu, na Hiace isitajwe. Itakuwa vigumu, najua, utakuwa na maneno kooni.

Nani basi azungumze na mkwe? Hapa mimi sioni mila kama ukuta. Hao hao wazee waliokukataza kuketi na mkwe ndio waliokuwekea watu wa kuketi naye: ndugu wa marehemu, shangazi ya binti, yule aliyeipokea posa. Mkwe wako anaweza kukaa na baba mdogo wa mke wake wakaongea kama wanaume, na akaulizwa mambo yote niliyoyaandika bila mtu kumwita mwizi. Aanze na mshahara, kisha hali ya gari. "Mama anaona mafuta ya breki yanakwisha kila mwezi, ana wasiwasi na maisha yako" ni maneno ya kweli, nawe unaweza kuyatuma bila kuona haya. Atakavyoyajibu, baba mdogo ataona mengi ambayo mimi na wewe hatuwezi kuyasoma kwenye daftari. Ila mchague vizuri. Kama kuna ndugu aliyetaka ile pesa ya marehemu igawanywe, si huyo.

Wakati huo mnaweza kuanza daftari jipya linalokaa ndani ya gari, chini ya dashibodi, si la mjukuu: kilomita, tarehe, kilichofanywa, fundi gani, bei. Mkwe aandike kwa mkono wake. Kurasa za miezi mitatu zitawaonyesha wote wawili kitu kimoja, na huenda yeye naye amekuwa akikuona wewe kama mama asiyejua gari lake linakwenda umbali gani.

Moja tu halingoji mkutano wa ukoo. Kama Jumapili hii kuna watu wa kupelekwa Kapchorwa, gari liingie gereji Ijumaa, magurudumu yote manne yafunguliwe, breki zitazamwe, na maji na mkanda vitazamwe papo hapo. Gharama ya ukaguzi utoe wewe, nje ya hesabu, ili asiwe na sababu ya kuukwepa. Ukipata majibu, hasa ya mkanda, niandikie.